Kutafuta Kwanza au Kununua Kwanza? Uhakiki wa Dhana za Msingi wa Kiroho na Mafanikio katika Kiswahili cha Kikristo, kwa Kurejelea Hima, Kasese na Bwera

Ikisiri

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, injili ya mafanikio hujibiwa kwa fundisho moja fupi: mwamini akite mizizi katika imani kwanza, kisha mafanikio yatafuata. Makala hii inahakiki jibu hilo. Inadai kwamba fundisho la msingi wa kiroho likisomwa kama hatua ya kwanza ya kuelekea utajiri, linabaki kuwa injili ya mafanikio iliyocheleweshwa tu. Kwa kuchambua maneno ya Kiswahili yanayobeba fundisho hilo, yaani kutafuta, ufalme, haki, kuzidishiwa, kwanza na neema, makala inaonyesha kwamba sarufi ya tafsiri ya Biblia ya Kiswahili yenyewe inapinga usomaji huo. Mifano ya mazingira imetoka Hima, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Huko utajiri wa madini, saruji, chumvi na biashara ya mpakani umeishi kwa muda mrefu bega kwa bega na umaskini, mafuriko na vita. Makala inahitimisha kwa kuonyesha umuhimu wa uchambuzi huu kwa watunga sera wa lugha na wa maendeleo.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kitaaluma kuhusu injili ya mafanikio Afrika Mashariki una pande mbili zinazojulikana. Upande mmoja unawakilishwa na Paul Gifford, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu Ukristo, siasa na maisha ya umma nchini Kenya anaonyesha jinsi mkazo wa ushindi, miujiza na mafanikio ya mtu mmoja mmoja unavyoweza kuwaondoa waumini katika kuhoji mifumo inayowafukarisha. Upande wa pili unaonekana katika mkusanyiko uliohaririwa na Dena Freeman mwaka 2012 kuhusu Upentekoste na maendeleo Afrika. Huko inajengwa hoja kwamba makanisa ya Kipentekoste huwabadilisha watu jinsi wanavyojiona, huwapa nidhamu ya kazi na ya matumizi, na wakati mwingine huleta mabadiliko ambayo mashirika yasiyo ya kiserikali yameshindwa kuyaleta.

Kati ya pande hizo mbili kuna sauti ya tatu, ambayo haitoki vyuoni bali mimbarini. Ni sauti ya wachungaji, makatekista na walei wanaokataa biashara ya miujiza lakini hawataki kumwambia maskini kwamba Mungu hajali njaa yake. Jibu lao ni la mpangilio. Wanasema kosa la injili ya mafanikio si kutaka mafanikio, bali kuyataka kabla ya wakati wake. Mwamini na ajengwe kwanza katika Neno, sala na utakatifu. Mali itakuja baadaye, na itamkuta ana msingi wa kuibeba.

Jibu hili lina hekima, na makala hii haikusudii kulibeza. Hata hivyo, limepokelewa kwa urahisi mno. Neno moja, kwanza, limebebeshwa uzito wote wa hoja, na neno hilo lina maana zaidi ya moja. Likieleweka kama cheo, linamweka Mungu juu ya mali. Likieleweka kama zamu, linamweka Mungu mwanzoni mwa foleni ambayo mwisho wake ni mali. Tofauti hiyo si ya kinadharia tu, kwa kuwa kwa maskini aliyepoteza nyumba yake ndiyo inayoamua kama kanisa litamfariji au litamshtaki.

2.0 Hima, Kasese na Bwera: Utajiri Unaoonekana

Wilaya ya Kasese iko chini ya milima ya Rwenzori, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika eneo hili utajiri hauhitaji kuhubiriwa ili ujulikane. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza uzalishaji. Shaba hiyo ilisafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Hima, mji ulio kando ya barabara ya kutoka Fort Portal, umejulikana kwa saruji inayotokana na chokaa ya eneo hilo, na kiwanda chake kilipita mikononi mwa wamiliki mbalimbali baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Ziwa Katwe limetoa chumvi tangu kabla ya ukoloni. Bwera, jirani na kituo cha mpaka cha Mpondwe, huishi kwa soko linalounganisha Uganda na Kongo. Milimani, kahawa aina ya arabika hulimwa na wakulima wadogo.

Kwa hiyo mkazi wa Hima au Bwera anapoambiwa habari za mafanikio hasikii neno tupu. Ameona malori ya saruji yakipita na ameona mabehewa ya shaba yalipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Amejifunza pia kwamba mali inaweza kupita mlangoni mwake kwa miaka mingi bila kuingia ndani. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mnamo Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilishambuliwa na waasi wa ADF na zaidi ya watu 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Fundisho lolote kuhusu imani na ustawi lazima lipimwe mbele ya watu walioyapitia mambo haya.

Historia ya lugha nayo ina uzito wake. Katika kipindi cha ukoloni, Wakonzo walisalishwa na kufundishwa kwa sehemu kubwa kwa Kitooro, lugha ya ufalme uliowatawala. Malalamiko kuhusu lugha, shule na vyeo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyozaa vuguvugu la Rwenzururu, lililotangaza kujitenga mwaka 1962 chini ya mwalimu Isaya Mukirane. Kiswahili kwa upande wake kiliingia Kasese kwa njia nyingine: kwa reli, migodi, jeshi na biashara ya Kongo. Kilikuwa lugha ya mshahara na bei kabla ya kuwa lugha ya sala. Hali hii inaeleza kwa nini msamiati wa Kikristo wa Kiswahili, unapotumika katika eneo kama Bwera, huweza kusikika kwa masikio ya sokoni.

3.0 Uchambuzi wa Maneno

Fundisho la msingi wa kiroho hutegemea zaidi sehemu ya sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, ambapo wasikilizaji wanaagizwa kuupa ufalme wa Mungu nafasi ya kwanza. Tafsiri ya Union Version iliyochapishwa mwaka 1952 ndiyo iliyokaa zaidi vinywani mwa wahubiri wa Kiswahili. Maneno yake muhimu yanastahili kusomwa moja baada ya jingine.

3.1 Kutafuta

Katika Kiswahili cha leo cha Afrika Mashariki, kutafuta ni zaidi ya kusaka kilichopotea. Anayeondoka kwao kwenda mjini huenda kutafuta. Anayehangaikia riziki ni mtafutaji. Kitenzi hiki kimekuwa jina la mapambano ya maisha. Ndiyo maana agizo la kuutafuta ufalme huweza kusikika kama mbinu nyingine ya kutafuta maisha, tena mbinu bora kuliko zote.

Sarufi hairuhusu usomaji huo. Kitenzi kilichotumika ni utafuteni, na kiambishi u- kilichopo mwanzoni ni kiambishi cha yambwa kinachokubaliana na ufalme. Kama anayetafutwa angekuwa mali, kiambishi kingekuwa i-. Agizo lina yambwa moja iliyotajwa ndani ya kitenzi chenyewe, kisha ikatajwa tena baada yake. Mhubiri anayehamisha kutafuta kutoka ufalme hadi mali amebadilisha yambwa ya sentensi, ingawa maneno yote yamebaki mahali pake.

3.2 Ufalme na Haki

Kasese ni mahali ambapo neno ufalme si sitiari. Ufalme wa Rwenzururu ulitambuliwa rasmi na serikali ya Uganda mwaka 2009, na Novemba 2016 mapambano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa kifalme mjini Kasese yaligharimu maisha ya zaidi ya watu 100. Msikilizaji wa hapa anajua kwamba ufalme unadai utii, una mipaka, na unaweza kumgharimu mtu uhai. Kwa hiyo anaweza kuelewa, pengine kuliko msomaji wa mbali, kwamba kuutafuta ufalme wa Mungu ni suala la nani anatawala, wala si suala la hisia njema moyoni.

Neno la pili, haki, lina umuhimu mkubwa zaidi. Kiingereza hutenganisha uadilifu wa mtu mbele ya Mungu na haki ya mtu mbele ya mahakama. Kiswahili hubeba yote mawili kwa neno moja. Msomaji wa Kiswahili anapoagizwa kuitafuta haki ya Mungu, anasikia pia madai ya mjane aliyenyang'anywa shamba na mshahara wa kibarua uliocheleweshwa. Mara nyingi mahubiri ya msingi wa kiroho hupunguza neno hili. Msingi hufafanuliwa kwa sala, kufunga, kuhudhuria ibada na kutoa fungu la kumi, na haki ya jirani haimo katika orodha. Kwa kipimo cha neno lenyewe, mwajiri anayesali kila alfajiri na kuwapunja vibarua wake hajaanza kujenga msingi.

3.3 Kuzidishiwa

Kitenzi mtazidishiwa ndicho kiini cha tatizo. Umbo lake ni hili: m-ta-zid-ish-i-w-a. Mzizi zid- hubeba maana ya ongezeko. -Ish- ni kiambishi cha usababishi. -I- ni cha utendea. -W- ni cha utendwa. Kwa hiyo wanaotajwa na kiambishi m- si watenda. Ni wale ambao kwa ajili yao mwingine anasababisha ongezeko. Mtenda hatajwi katika kitenzi, lakini muktadha wa ndege na maua unamtaja waziwazi kuwa Baba.

Umbo hili haliwezi kugeuzwa kuwa la kutenda bila kuharibu maana. Mtu hawezi kujizidishia kwa niaba ya Mungu, wala hawezi kudai kuzidishiwa kama anavyodai malipo ya kazi. Kiswahili kina kitenzi kilicho tayari kwa malipo, yaani kulipwa, na wafasiri hawakukitumia.

Jambo jingine ni kirejeshi hayo. Kionyeshi chenye -o hurejelea kilichokwisha kutajwa. Vilivyotajwa katika aya hiyo ni chakula, kinywaji na mavazi. Havikutajwa magari, maghorofa wala mikataba ya biashara. Ahadi, kwa masharti ya lugha yake, ni ya riziki ya siku, na imewekwa baada tu ya onyo kwamba mtu hawezi kumtumikia Mungu na mali kwa pamoja. Mahubiri yanayojaza hayo kwa vitu ambavyo aya haikuvitaja yanafanya kazi ya utunzi, si ya ufafanuzi.

3.4 Kwanza

Kwanza limetokana na kitenzi kuanza. Katika matumizi ya kawaida ya masimulizi na maelekezo, hufuatwa na kisha, halafu au baadaye: kwanza osha mchele, kisha upike. Mahubiri ya mpangilio husoma aya ya Mathayo kwa mtindo huo wa mapishi. Hata hivyo, aya haina kisha wala halafu. Haina hata ili, kiunganishi ambacho kingeonyesha kusudi. Kiunganishi kilichopo ni na, ambacho huweka kishazi kimoja kando ya kingine bila kukifanya cha kwanza kuwa njia ya kukipata cha pili.

Tofauti kati ya na na ili ndiyo tofauti kati ya mafundisho mawili. Anayesema mtu atafute ufalme na mengine atazidishiwa anaeleza tabia ya Mungu. Anayesema mtu atafute ufalme ili azidishiwe mengine anaeleza mkakati wa mwanadamu. Mahubiri mengi yanayojitangaza kuwa kinyume cha injili ya mafanikio hutamka na lakini hufafanua ili. Yamerefusha muda wa kungojea malipo, lakini hayajaondoa dhana ya malipo.

3.5 Neema

Kuna sababu nyingine ya kilugha inayofanya injili ya mafanikio ipate makao mepesi katika Kiswahili. Neno neema, lenye asili ya Kiarabu, katika matumizi ya kila siku humaanisha shibe na wingi. Mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno. Aliyeneemeka ni aliyetajirika. Watafsiri wa Biblia walilichagua neno hilohilo kubeba fundisho la msamaha asioustahili mwanadamu. Uchaguzi ulikuwa mzuri, kwa kuwa uliunganisha ukarimu wa Mungu na uzoefu wa watu. Lakini uliacha mlango wazi. Mhubiri akisema kwamba mtu aliyepata neema ataonekana kwa neema yake, anacheza na maana mbili za neno moja, na msikilizaji hana alama ya kumwonyesha ni wapi maana ya kwanza ilipoishia na ya pili ilipoanzia.

4.0 Mahubiri ya Mafanikio kama Utanzu

Mahubiri ya mafanikio ya Kiswahili yana sifa za kiutanzu zinazotambulika. Sifa moja ni matumizi ya njeo. Kiambishi -me-, ambacho kwa kawaida huonyesha tendo lililokamilika na ambalo athari yake ipo, hutumika kwa jambo ambalo bado: umefunguliwa, umeinuliwa, umeshapokea. Tamko hilo husikika kama taarifa, na kwa kuwa ni taarifa, mtu asiyeona matokeo hubaki na maelezo mawili tu. Ama tamko ni la uongo, ama yeye ana kasoro. Adabu ya ibada haimruhusu kuchagua la kwanza.

Sifa ya pili ni kubadilisha utanzu wa matini ya Biblia. Salamu za mwanzo wa Waraka wa Tatu wa Yohana, ambamo mwandishi anamwombea rafiki yake afya na mafanikio, hutolewa kama tangazo la haki ya kila mwamini. Lakini lugha ya salamu hizo ni ya dua. Kitenzi chake kiko katika hali ya kutaka, si ya kuahidi. Zaidi ya hayo, kipimo kinachotumika ni hali ya roho ya mpokeaji, kwa kiunganishi cha ulinganisho. Anayetaka kuzitumia salamu hizo ipasavyo angepaswa kukubali kwamba wapo ambao, kama afya na mali zao zingelingana na roho zao, wangeamka wagonjwa na mafukara.

Sifa ya tatu ni sitiari ya mbegu. Fundisho la kutoa fedha kama mbegu, lililoenezwa Marekani na Oral Roberts katikati ya karne ya 20, limekuwa msamiati wa kawaida wa Kiswahili cha mimbarini: panda mbegu, vuna muujiza. Miteremkoni mwa Rwenzori sitiari hii inakutana na watu wanaojua mbegu ni nini. Mche wa kahawa huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Unahitaji udongo, kivuli, mvua na palizi, na hata hivyo ugonjwa au maporomoko ya ardhi yanaweza kuuangamiza bila mkulima kuwa na hatia yoyote. Sitiari ya mimbarini imeondoa udongo, mvua na muda, ikabakiza mkono unaotoa na mkono unaopokea. Mkulima wa kahawa ana maarifa ya kuikosoa, ila ni nadra kualikwa kufanya hivyo.

5.0 Urithi wa Uamsho

Eneo la Maziwa Makuu lina kielelezo chake cha msingi wa kiroho, ambacho hakikusubiri mjadala wa sasa. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, uliwapa watu jina la Balokole, yaani waliookoka. Ingawa ulivuka mipaka hadi Kenya, Tanganyika na Kongo, wimbo wake mkuu, Tukutendereza Yesu, uliendelea kuimbwa kwa Kiganda.

Kilichowatambulisha Balokole ni ushuhuda: kuungama dhambi hadharani, kwa kutaja jambo na mtu aliyekosewa. Ungamo liliandamana na urejeshaji. Aliyeiba alirudisha, aliyedaiwa alikwenda kwa mdai wake. Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu Uamsho huo, anaonyesha jinsi desturi hiyo ilivyowasumbua viongozi wa kikabila na wa kikoloni, kwa kuwa iliweka wazi yale ambayo heshima ya jamii ilitaka yafichwe.

Kulinganisha ushuhuda wa Balokole na ushuhuda wa leo kunafunua mabadiliko makubwa ndani ya neno moja. Ushuhuda wa kwanza ulikuwa orodha ya kile ambacho mtu alikitwaa isivyo haki na sasa anakirudisha. Ushuhuda wa pili mara nyingi ni orodha ya kile alichokipokea. Wa kwanza ulimpunguzia msemaji mali na sifa. Wa pili humwongezea. Katika ule wa kwanza, msingi wa kiroho ulipimika: jirani alirudishiwa ng'ombe wake. Katika ule wa pili, msingi hudhaniwa kuwepo kwa sababu matunda yanaonekana.

Kielelezo cha pili ni Apolo Kivebulaya, mwinjilisti wa Kiganda aliyepitia Tooro na kuvuka kwenda Mboga, upande wa Kongo wa Rwenzori, mwaka 1896. Alipigwa na kufungwa, hakukusanya mali, na alifariki mwaka 1933 akiwa bado katika kazi hiyo. Emma Wild-Wood, katika wasifu wake wa mwaka 2020, anamwonyesha kama mtu aliyeunganisha dini, elimu, afya na kilimo bila kuvitenganisha. Kwa kipimo cha mapishi, yaani kwanza kisha baadaye, maisha ya Kivebulaya ni mapishi yasiyoiva: msingi ulikuwepo, utajiri haukuja. Kwa kipimo cha cheo, hayana upungufu wowote. Fundisho lisiloweza kumweka Kivebulaya mahali pa heshima halina budi kujichunguza upya.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza inatoka kwa wanaotetea hadhi ya maskini. Wanahoji kwamba kumwambia fukara ashughulikie roho kwanza ni hila ya kale ya wenye mali. Pingamizi hii ina nguvu. Kibarua anayeambiwa akomae kiroho kabla ya kuuliza juu ya mshahara ametendewa kama walivyotendewa wengi chini ya ukoloni. Laurenti Magesa, mwanateolojia wa Tanzania, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu mapokeo ya kimaadili ya dini ya Kiafrika, anaeleza kwamba uzima tele, yaani afya, uzao, mavuno na amani, ndio moyo wa dini hiyo. Kuitenganisha roho na chungu cha chakula ni jambo geni kwa mapokeo hayo.

Jibu limo katika neno haki lililochambuliwa hapo juu. Ikiwa haki ni sehemu ya kinachotafutwa kwanza, basi kudai mshahara halali si kuruka hatua, ni kuwa ndani ya hatua yenyewe. Aidha, uzima tele anaoueleza Magesa ni wa jumuiya. Baraka inayomwinua mmoja na kuwaacha jamaa zake katika njaa hutiliwa shaka. Kwa hiyo mapokeo ya Kiafrika hayawezi kutumiwa kirahisi kuitetea injili ya mafanikio ya mtu binafsi.

Pingamizi ya pili inatoka kwa wanasosholojia. Max Weber, katika kazi yake maarufu ya mwaka 1904 na 1905, alihusisha maadili ya Waprotestanti na roho ya ubepari. Je, hii haithibitishi kwamba msingi wa kiroho huzaa mali? Inathibitisha kwa sharti moja ambalo husahauliwa. Waumini wa Weber hawakusali ili watajirike. Utajiri ulikuwa matokeo yasiyokusudiwa ya maisha ya nidhamu yaliyolenga kitu kingine. Kwa istilahi za makala hii, walizidishiwa. Matokeo ya aina hiyo hayawezi kugeuzwa kuwa lengo bila kuua nidhamu iliyoyazaa. Hiyo ndiyo sababu vyama vya akiba na vya wakulima wa kahawa, vinavyodai mahudhurio, hesabu wazi na uaminifu wa kulipa, vinaweza kuwa karibu zaidi na maana ya msingi kuliko mikutano inayotangaza mafanikio kwa usiku mmoja.

7.0 Umuhimu kwa Sera

Uchambuzi huu unawahusu watunga sera kwa namna tatu.

Kwanza, dola nayo ina injili yake ya mafanikio. Kauli ya serikali ya Uganda baada ya uchaguzi wa 2006, iliyotafsirika kama ustawi kwa wote, ilienea kwa Kiganda kama Bonna Bagaggawale, maneno yanayotaka kila mtu atajirike. Tayari tafsiri ilikuwa imehamisha maana kutoka ustawi hadi utajiri. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa Februari 2022 na kutenga shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parokia ya kiutawala, unawafikia watu walewale wanaosikia mahubiri ya mbegu na mavuno. Mkopo ukieleweka kama muujiza au zawadi, hautarejeshwa. Wataalamu wa mawasiliano wa mpango kama huu wanapaswa kujua msamiati ambao wananchi tayari wanao.

Pili, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika katiba ya Uganda kupitia marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza, ikiwemo ufundishaji wake shuleni. Waandaaji wa istilahi na vitabu watalazimika kuchagua kati ya mafanikio, ustawi, neema na utajiri. Ustawi, neno linalotumika pia kwa mmea unaokua vizuri, linafaa zaidi kwa sera za umma, kwa sababu linahitaji udongo na muda. Mafanikio libaki kwa matokeo ya juhudi mahususi. Neema isitumike katika nyaraka za mikopo.

Tatu, lugha ya maafa ni suala la haki. Baada ya mafuriko kama yale ya Nyamwamba, viongozi wa dini huwa miongoni mwa wa kwanza kuzungumza na waathirika. Fundisho la kwanza kama zamu litamwambia aliyepoteza nyumba kwamba msingi wake wa kiroho ulikuwa dhaifu. Kauli hiyo ni ya kikatili, na pia inaficha maswali ambayo serikali inapaswa kuulizwa: matumizi ya ardhi ya miteremkoni, kingo za mto, mabaki ya mgodi na mahali salama pa kujenga. Ushirikiano wa serikali na makanisa katika kukabiliana na maafa ungefaidika kwa kuwa na mafunzo ya pamoja kuhusu jambo hili.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba fundisho la kukita mizizi katika imani kabla ya kutafuta mafanikio linaweza kuwa mambo mawili tofauti chini ya maneno yaleyale. Likisomwa kwa ili, ni mkataba wa kibiashara wenye muda mrefu wa kungojea. Likisomwa kwa na, linamweka Mungu na haki mahali ambapo mali haiwezi kufika, na linamruhusu mtu ale, avae na ajenge bila kuabudu anachokula, anachovaa na anachojenga. Usomaji wa pili ndio unaokubaliana na viambishi, viunganishi na virejeshi vya tafsiri ambayo wahubiri wenyewe huishika mkononi.

Kazi inayobaki kwa makanisa ya Hima, Kasese na Bwera si kuacha kuzungumzia mali, kwa kuwa watu wao hawawezi kuacha kuihitaji. Ni kuurudisha ushuhuda katika maana ambayo wazee wa Uamsho waliipa, ambapo uthabiti wa imani hujulikana kwa kile kilichorudishwa kwa jirani. Mwajiri aliyelipa malimbikizo ya mishahara, mweka hazina aliyesoma hesabu mbele ya waumini na mfanyabiashara wa mpakani aliyerekebisha mizani yake wanaweza kusimama kanisani na kushuhudia, hata kama mwaka huo hakuna hata mmoja wao aliyezidishiwa.